Tiba ya Mtoto Ilipohamia Nyumbani

Tiba ya viungo kwa watoto wenye ulemavu katika pwani ya Kenya ilianza na miguu. Ugonjwa uliojaza foleni katika miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa polio. Polio humwachia mtoto akili zake zote na mara nyingi mikono yenye nguvu, ila mguu mmoja au yote miwili hulegea na kukonda. Mtoto wa namna hiyo alikuwa na tiba inayoeleweka: kano zilizojikunja zilipasuliwa, mguu ukafungwa plasta, fundi akapima vyuma na kiatu cha ngozi, kisha mtoto akapewa magongo na kufundishwa kutembea. Chama cha kuwahudumia walemavu wa viungo nchini Kenya, APDK, kiliundwa mwaka 1958 juu ya hesabu hiyo. Mjini Mombasa kikaanzisha karakana za Bombolulu mwaka 1969 ili waliokwisha kukua wapate kazi ya mikono, na upande wa pili wa mji, Port Reitz, kukawa na shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa viungo.

Mzazi katika mpango huo alikuwa msindikizaji. Alimleta mtoto, akatia sahihi au dole gumba, akarudi kwao Kaloleni au Lamu na kungoja likizo. Hakuna aliyemweleza mengi, kwa sababu hakukuwa na kazi aliyotakiwa kuifanya. Ujuzi ulikuwa kwa daktari wa mifupa, kwa fundi wa vyuma na kwa mtu aliyeitwa na wote daktari wa mazoezi, na mtoto alikaa walipo hao. Si haki kuubeza utaratibu huo leo. Watu wengi wazima wanaotembea kwa magongo katika miji ya pwani, wenye elimu na kazi zao, walipitia mabweni hayo. Ila ulikuwa utaratibu wenye mlango mwembamba. Aliyeingia ni yule ambaye angeweza kusimamishwa. Mtoto asiyeweza kushika shingo, anayekakamaa mwili mzima akiguswa, asiyesema, alirudishwa nyumbani na mamake wakiwa na neno moja tu, kwamba hakuna la kufanya.

Chanjo ndiyo iliyobadilisha foleni. Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1980, na matone ya polio yakafika hadi zahanati za mashambani. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio pori mwaka 1996. Kadiri watoto wa polio walivyopungua ndivyo ilivyoonekana wazi nani mwingine alikuwa akingoja nyuma yao. Benchi za kliniki zikajaa watoto wenye mtindio wa ubongo, wale wa shingo isiyoshika na mwili unaokakamaa, na hawa hawakuwa wageni. Walikuwapo siku zote, ila walifichwa na wingi wa polio, na hakuna aliyewaita.

Sababu za mtindio wa ubongo katika nchi za Afrika Mashariki zinajulikana, na nyingi zingeweza kuzuilika. Mtoto huchelewa kutoka wakati wa uzazi, akakosa hewa, asilie. Mwingine huzaliwa salama, akapata manjano kali siku za mwanzo na kukosa taa ya kumtibu, manjano ikaingia ubongoni. Wa tatu alikuwa mzima kabisa hadi alipofikisha miaka miwili, akaugua malaria, akapigwa na degedege usiku kucha. Kituo cha utafiti cha Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989 na taasisi ya KEMRI pamoja na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, kilikuja hasa kwa ajili ya malaria. Watafiti wake, Charles Newton miongoni mwao, walithibitisha jambo ambalo akina mama wa Kilifi walikuwa wakilisema: malaria ya ubongo haiishii kitandani hospitalini. Baadhi ya watoto waliopona homa walibaki na kifafa, wengine na upande mmoja wa mwili uliolemaa, wengine na maneno waliyokuwa nayo yakiwa yamepotea. Kwa familia nyingi degedege ilikuwa kazi ya ndege au pepo, na safari ya kwanza ilikuwa kwa mganga. Mganga alikuwa na sifa moja ambayo hospitali haikuwa nayo: alikaa chini na jamaa nzima, baba na bibi wakiwemo, akawasikiliza.

Serikali nayo ilikuwa imeanza kuwatafuta watoto hawa kwa njia ya shule. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vikaanzishwa vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, na mwaka 1986 ikaundwa KISE, taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu. Kwa mara ya kwanza mzazi wa kijijini aliweza kupanda matatu hadi makao makuu ya wilaya, akakutana na mwalimu aliyesomea jambo hili, akaondoka na karatasi inayoeleza hali ya mwanawe. Karatasi ilikuwa nzuri kuliko huduma. Iliagiza mazoezi mahali ambapo hapakuwa na wa kuyafanya, ikapendekeza shule ambayo nafasi zake zilikuwa zimejaa. Hata hivyo ilimpa mama kitu ambacho majirani hawakuwa wamempa: maelezo yasiyotaja laana.

Wazo la kuihamishia tiba nyumbani lilitoka mbali kidogo. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza kwamba mafunzo ya mtu mwenye ulemavu yafanyike katika jamii yake, yakifundishwa na jamaa zake wakisaidiwa na mtu wa hapo hapo aliyefunzwa kwa muda mfupi. Mwaka 1987 David Werner, aliyefanya kazi na walemavu wa vijijini nchini Meksiko, alitoa kitabu kinene kilichojaa michoro ya viti, fremu na michezo inayoweza kutengenezwa kwa miti na kamba, na nakala zake zikasambaa katika kliniki za nchi maskini. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Mtaalamu anayemwona mtoto nusu saa kwa mwezi hawezi kushindana na saa zote ambazo mtoto yuko mikononi mwa mamake.

Kwa hiyo kliniki zikaanza kutembea, na mkeka ukachukua nafasi ya meza. Chini ya mwembe, au katika ukumbi wa kanisa, au baraza ya zahanati, mama alikaa chini, mtoto kati ya miguu yake, na mtaalamu akakaa mbele yao. Lililofundishwa hapo halikuwa na miujiza. Chukua ulishaji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo alilishwa akiwa amelazwa chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji ukimiminwa kwa kikombe. Akakohoa, uji ukaingia mapafuni, nimonia ikafuata. Na kwa kuwa kula kulikuwa vita, alikonda. Mama alionyeshwa kumkalisha wima, kumwegemeza kifuani, kuinamisha kidevu kidogo mbele, kutumia kijiko kidogo na uji mzito kiasi, kisha kungoja ameze kabla ya kuongeza. Mlo uliokuwa wa robo saa ukawa wa saa nzima. Lakini mtoto hakupaliwa.

Au chukua ubebaji. Miguu ya watoto wengi wenye hali hii hupishana kama mkasi, na akibebwa mbele kama mtoto mchanga, miguu ikiwa imebanwa pamoja, hali huzidi. Mama wa Kiafrika ana namna nyingine tangu zamani: kumkalisha mtoto kiunoni au kumfunga mgongoni kwa leso, mapaja yametanuka. Wataalamu waliotoka vyuoni na mipira mikubwa ya mazoezi waligundua kwamba leso ilikuwa ikifanya sehemu ya kazi yao bila malipo.

Viti vilikuja vya aina mbili. Vya mbao vilitengenezwa na seremala au na mafundi wa vifaa vya viungo, ambao baadhi yao wamepitia chuo cha TATCOT kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1981. Vya pili vilikuwa vya karatasi. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe kwa mwalimu aitwaye Bevill Packer. Maboksi makuukuu hukatwa vipande na kupangwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, yakaachwa yakauke, yakavikwa karatasi laini na kupakwa rangi. Kinachotoka ni kigumu kama ubao, na kimekatwa kwa kipimo cha mtoto mmoja, na kizuizi kati ya mapaja na meza ndogo mbele. Shida yake ni maji. Paa likivuja usiku mmoja wa masika, kazi ya wiki tatu hurudi kuwa uji.

Wakati huohuo sayansi ya mazoezi yenyewe ilikuwa ikigeuka. Kizazi kizima cha wataalamu kilifunzwa kwa njia ya Berta na Karel Bobath, mke na mume waliofanya kazi London, ambapo mikono ya mtaalamu huongoza mwili wa mtoto ili mkakamao upungue na miondoko iwe ya kawaida. Ilikuwa kazi ya staha na ya taratibu, na akina mama waliiamini kwa sababu waliona mtoto akilegea. Mwaka 2013 Iona Novak na wenzake wa Australia walichapisha mapitio makubwa ya tafiti. Hawakupata sababu ya kuendelea na njia ya Bobath kwa namna ile ya zamani, na kunyoosha viungo kwa mkono peke yake kulionekana kuwa na faida haba. Kilichoonyesha matunda ni mtoto kufanya mwenyewe, mara nyingi, jambo analolihitaji: kushika kikombe, kuvuta kaptura, kujiburuta hadi mlangoni waliko wenzake. Kwa kliniki nyingi mabadiliko haya yalifika polepole, na bado kuna mahali mama huonyeshwa kunyoosha miguu ya mtoto mara tatu kwa siku na kuambiwa hayo ndiyo mazoezi.

Upande ambao mageuzi haya hayakuupima vizuri ni mama mwenyewe. Kuihamishia tiba nyumbani kulimaanisha kumwongezea kazi mtu ambaye tayari alikuwa akiteka maji, akilima na kuuza mboga, na mara nyingi akiwa peke yake, kwani si haba akina baba walioondoka mtoto alipojulikana ana hali gani. Ripoti za miradi zilihesabu watoto waliofikiwa. Saa za mama hazikuwa na safu kwenye jedwali. Mama asipofanya mazoezi aliandikwa kwamba hashirikiani. Kumwita mtu kama huyo mzembe ni uonevu, na wataalamu wengi wa miaka hiyo wanakiri hivyo sasa.

Huduma kwa familia, kwa hiyo, ilikuja mwisho ingawa ilistahili kutangulia. Mwaka 2013 ulitoka mwongozo wa mafunzo kwa wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo, uliotayarishwa na chuo cha afya ya jamii cha London pamoja na shirika la CBM, ukajaribiwa Bangladesh. Msingi wake ulikuwa kazi ya Afrika Kusini iitwayo Hambisela. Mwongozo huu huendeshwa kwa vikundi, mzazi aliyefunzwa akiwafundisha wenzake. Pamoja na ulishaji, ukalishaji na michezo, una somo la ulemavu katika jamii na jinsi ya kuendesha kikundi cha wazazi.

Katika vijiji vya Kilifi vikundi vya namna hiyo vilichukua sura ya chama cha kawaida cha akina mama. Huandikishwa kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hukutana kwa zamu majumbani, huchangishana na kukopeshana. Watafiti Joseph Gona, Karen Bunning na wenzao, waliovifuatilia, waliona kwamba biashara ndogo na kusikilizana vilikwenda pamoja. Mwenye mtaji wa maandazi ana nauli ya kliniki, na mwenye wenzake wa kuwaachia mtoto saa mbili anaweza kufika sokoni. Pengine jambo kubwa zaidi ni kwamba watoto walitolewa nje. Mama mmoja akija na mtoto wake mgongoni hutazamwa. Wakija kumi na wawili barazani kwa chifu, husikilizwa.

Sheria zilisaidia pale zilipofika. Kenya ilipitisha sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, Tanzania mwaka 2010, na Kenya ikatunga mpya mwaka 2025. Ruzuku ya serikali ya Kenya kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na haifikii kila anayestahili. Mwaka 2013 hospitali za wilaya zilikabidhiwa serikali za kaunti, na tangu hapo idadi ya wataalamu wa mazoezi hutegemea bajeti ya kaunti husika. Mwaka 2020 ulipofika na shule zote kufungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, watoto wa mabweni maalumu walirudishwa kwa wazazi, baadhi ya wazazi hao wakiwa hawajawahi kufundishwa jinsi ya kuwakalisha au kuwalisha. Vikundi viliendelea kwa simu, kwa picha za mtoto zinazotumwa kwa mtaalamu naye akijibu kwa ujumbe wa sauti.

Pengo lililobaki wazi kuliko yote ni la umri. Karibu kila kilichoelezwa hapa kimetengenezwa kwa mtoto anayebebeka. Akifika miaka 12 au 14 kiti cha karatasi kimekuwa kidogo, leso haimtoshi, na mgongo wa mama umechoka. Kumgeuza usiku huhitaji watu wawili. Huduma ya kumpokea kijana kwa siku chache ili wazazi wapumzike au wahudhurie msiba ni adimu sana nje ya miji mikubwa. Vikundi vingine vimeanza kupeana zamu za kulinda vijana hawa. Vingine hutumia akiba yao kununua magodoro yenye turubai na viti vya magurudumu vya watu wazima, ambavyo mafundi huvipunguza upana ili vipite milango ya nyumba za makuti.