Lawama za bure

Haya ndugu msomaji, leo niache siasa kidogo. Kuna jambo linanikera siku nyingi na bora nilitoe moyoni.

Pale chumba cha habari tuna kijana mmoja anayejua kuandika programu. Haipiti wiki hujamsikia akifoka: hawa jamaa wa Python wamebadilisha hiki, wale wa maktaba fulani wameacha kile, nimewaandikia siku tatu hawajibu! Mimi mwenyewe natumia zana hizo hizo nikichambua majedwali ya bajeti, kwa hiyo kero zake nazijua. Siku moja nikamuuliza, "Kaka, hao jamaa unawalipa shilingi ngapi?" Akacheka. Hawalipi hata senti.

Msomaji wa gazeti akinipigia kunigombeza, ana haki. Kanunua nakala, nami napokea mshahara. Lakini programu huria? Leseni zake nyingi zinasema wazi kwamba unapewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Anayeitunza mara nyingi anafanya hivyo usiku, akitoka kwenye kazi inayomlisha.

Unadhani nakuza mambo? Basi sikia kisa cha xz. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko ndani ya mifumo mingi ya Linux, ile inayoendesha seva za dunia. Kwa miaka mingi mzigo wake aliubeba mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2022 wakaanza kujitokeza watu wakimwandikia kwa ukali: mbona unachelewa, mbona maboresho hayatoki, kama umechoka wape wengine. Akawajibu kwamba hali yake kiafya si nzuri na kwamba hii ni kazi ya kujitolea, isiyo na malipo. Hawakumwonea huruma.

Wakati huo huo kulikuwa na msaidizi mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan. Taratibu akaaminiwa, na mwaka 2023 tayari alikuwa anatoa matoleo mapya. Mwanzoni mwa 2024, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akaficha mlango wa nyuma ambao ungemruhusu mwenye ufunguo kuingia kwenye seva za watu. Jia Tan ni nani hasa? Hadi leo hajafahamika. Na wale walalamikaji wanashukiwa kuwa majina ya bandia tu, yaliyotumwa kumchosha mzee wa watu.

Hebu fikiri. Mpango mzima ulitegemea jambo moja: kwamba kelele za watumiaji wasio na adabu ni kitu cha kawaida, hakuna atakayeshtuka. Na kweli, hakuna aliyeshtuka.

Sasa, je, nasema watumiaji wafunge midomo? La hasha! Aliyetuokoa naye alikuwa mtumiaji mwenye kero. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Badala ya kutukana akakaa akachimba, akapima, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu alichokuta, pamoja na ushahidi. Matoleo yale yakaondolewa kabla hayajasambaa kwenye mifumo mingi.

Tazama hapo: kero yake ilikuwa "mbona inachelewa", sawasawa na ya wale wa 2022. Tofauti ni kwamba yeye alikuja na kazi mkononi, wao walikuja na amri.

Hata hapa kwetu tunaujua ugonjwa huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Nimewasikia wasomi wakicheka baadhi ya maneno ya kompyuta kwa Kiswahili. Sawa, mengine yanachekesha. Ila ukimuuliza mchekaji, wewe ungeliitaje hili? Kimya. Lugha yetu itaingiaje kwenye mashine kwa vicheko?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tuko mwaka wa kumi kwenye nyumba hizi na jembe hatujaligusa. Jembe lenyewe wala si zito: eleza hitilafu kwa utaratibu, taja toleo unalotumia na hatua ulizopita, tafsiri ukurasa mmoja wa maelekezo. Na kampuni zinazovuna mamilioni kwa zana hizi, zilipe.

Yule kijana wa ofisini nimemwambia haya yote. Kanijibu nami nijifunze kwanza kuandika ripoti ya hitilafu ndipo nimhubirie. Jumamosi tunakaa wote anifundishe. Wewe je, mara ya mwisho kulalamika ulikwenda na nini mkononi?