Mlio Mrefu

Kompyuta yetu ya kwanza iliingia Butembo, mashariki mwa Kongo, ikiwa imeviringishwa blanketi, imepitia mpakani Kasindi ikitokea Uganda. Hiyo ni 2004. Mama alikuwa akiwachapia wanafunzi wa Université Catholique du Graben kazi zao za kumaliza masomo, na umeme tulinunua kwa jirani mwenye jenereta, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku.

Jioni moja taa iliwaka kupita kiasi, ikafifia, ikawaka tena. Kompyuta ikazimika. Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. Ndani mlikuwa na kurasa 60 za kijana aliyebakiza siku nne tu.

Fundi tuliyemwamini alikuwa Beni, kilomita zaidi ya 50. Nilikwenda nimeipakata njia nzima. Hakushika bisibisi kwanza. Aliuliza: "Taa za nyumbani zilifanyaje?" Hadi leo naamini swali lile ni nusu ya ufundi. Kisha akachomoa kisanduku cha umeme, akakunjua kibanio cha karatasi, akakichomeka kwenye tundu la waya wa kijani na la mweusi. Kisanduku kizima kingeamka, feni ingezunguka. Haikuzunguka.

"Kimekufa hiki peke yake. Kazi ya mama yako ipo."

Niliporudi tulinunua stabilaiza ya kusawazisha umeme, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyebonyeza kitufe kabla ya kuitazama taa.

Baadaye paa za mtaa zikajaa sola. Upande wa Beni, chini ya Ruwenzori, mtambo wa umeme wa maji wa Mutwanga ulianza kazi 2013. Kompyuta zikaacha kuungua. Zikawa zinaugua vumbi na uzee.

Njia ya Beni nayo ikabadilika. Mauaji yalianza huko Oktoba 2014, na tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola. Mwaka huo huo kompyuta ya mama iligoma: feni inazunguka, skrini nyeusi. Kusafiri nayo hakukuwezekana. Nikampigia fundi.

"Weka simu karibu nayo, halafu uiwashe."

Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. Aliusikia akiwa Beni.

"Ni memori. Chomoa waya wa umeme kwanza."

Nilikitoa kile kibao chembamba, nikayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha mdogo wangu, polepole, kama alivyoniagiza, nikakirudisha kwa vidole gumba viwili mpaka vibanio vya pembeni vikalia *ta, ta*. Nikawasha. Mlio mmoja, mfupi. Skrini ikaja na mwaka usio wake, kwa kuwa betri ndogo ya ndani ilikuwa imekwisha.

"Mama, imeamka?" sauti ya fundi ikauliza.

Mama hakuitazama skrini. Alichukua simu, akamwuliza kama watoto wake wamelala nyumbani usiku ule.