Dripu Si Chakula

Ndugu wa mgonjwa wakiona dripu inadondoka, mioyo inatulia. "Angalau anapata nguvu," wananiambia. Basi nikwambie kilichomo. Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, pungufu ya soda moja. Ile ya maji ya chumvi haina nishati hata kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 aliyelala kitandani anahitaji kama kilokalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku na protini isiyopungua gramu 70, na aliyeungua moto anahitaji zaidi. Mtundikie chupa sita za sukari kutwa nzima, hajafika nusu, na protini ni sifuri.

Mimi ni afisa lishe wa hospitali ya wilaya. Wagonjwa wananiita dokta kwa sababu ya koti jeupe, madaktari wananiita mtu wa uji. Wodi zote ni zangu peke yangu, na kliniki juu yake.

Usichokiona ukija kusalimia mgonjwa ni hiki: hospitalini dawa ina mwenyewe, chakula hakina. Kila dozi ya sindano ina kisanduku chake kwenye chati na muuguzi anatia sahihi. Mkojo tunaupima kwa mililita. Chakula kilichoingia mdomoni hakiandikwi popote. Fungua faili lolote wodi ya wanaume utakuta "anakula vizuri". Nani alimwona akila? Aliulizwa kwenye raundi, akaitikia kwa kichwa ili dokta apite.

Chakula chetu kinatoka nyumbani kwa mgonjwa. Jiko la hospitali linachemsha uji wa asubuhi pale bajeti inaporuhusu, mengine yote yanakuja kwa hotpoti, kwa daladala na bodaboda. Asiye na ndugu mjini analishwa na ndugu wa kitanda cha pili, na wala hilo si jambo la nadra.

Kulikuwa na baba mmoja mwenye kiharusi, upande wa kulia umelegea wote. Mkewe alileta ugali laini na mchicha wa karanga, akaweka kwenye kabati la kulia, akaambiwa na mlinzi muda umekwisha. Saa kumi nikaifungua ile hotpoti. Haijaguswa. Mkono unaofanya kazi haufiki kule, na hata ungefika, hakuna aliyejaribu kujua kama anameza bila kupaliwa. Jioni mama alikuta chakula kimepoa, akakimwaga, akanieleza kwa huzuni kwamba mzee hana hamu ya kula. Nikamuuliza nesi wa zamu. Alikuwa na wagonjwa zaidi ya arobaini na msaidizi mmoja. Sikuwa na la kumlaumu.

Wodi ya upasuaji ndiko njaa inakoandikwa kwa kalamu. "Asile kitu kuanzia saa sita usiku." Miongozo ya usingizi inasema chakula chepesi kikome saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Sisi tunamfungisha kila mtu usiku kucha, hata yule ambaye zamu yake ni ya mwisho kwenye orodha. Bibi mmoja aliyevunjika paja alifungishwa mara tatu ndani ya wiki moja. Kila mara inaingia dharura ya mama mjamzito, chumba ni kimoja, bibi anasukumwa hadi kesho. Taarifa ya kuahirishwa inafika wodini saa tisa alasiri, na wakati huo hotpoti ya mchana imesharudi nyumbani. "Mjukuu wangu," aliniambia, "nimefunga Ramadhani miaka yote, lakini Ramadhani ina futari." Siku alipopasuliwa kweli, kidonda kilichelewa kufunga. Faili likaandika maambukizi. Njaa haikutajwa.

Kwa wenye kisukari mambo yanakwenda haraka zaidi. Insulini ya chakula inachomwa nusu saa kabla ya kula. Inachomwa kwa saa ya hospitali, chakula kinafika kwa saa ya daladala. Siku ya mvua geti limejaa watu, na ndani kijana anatokwa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, kipimo cha sukari kinasoma 2.6. Jirani yake ndiye aliyepiga kelele. Tulimrudisha kwa glukosi ya mshipani, na ilipofika jioni akachomwa dozi ileile kabla mtu hajauliza kama chakula kimekuja.

Uji nao una mambo yake. Mama anachemsha uji mwepesi kwa mapenzi yote, kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza mzito. Kikombe kizima ni maji, unga kidogo na sukari. Ukipika mzito kisha ukatia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi ukiwa vuguvugu, unalainika wenyewe, mgonjwa anakunywa, na unga wote umo ndani. Nimewaonyesha akina mama wengi pale nje ya wodi, na wanacheka ukilainika mbele ya macho yao. Supu ni kisa kingine: mgonjwa anapewa maji ya supu, nyama inaliwa na aliyeileta, kwa sababu "hawezi kutafuna". Protini iko kwenye ile nyama. Isage, irudishe kwenye bakuli.

Usidhani ni umaskini wetu tu. Mwaka 1974 daktari wa Marekani, Charles Butterworth, aliwaandikia wenzake kuhusu wagonjwa wanaodhoofika kwa njaa ndani ya hospitali zao zenye kila kitu. Alitaja uzito usioandikwa, dripu za sukari na chumvi zinazoendelea siku nyingi, milo inayokatwa kwa ajili ya vipimo. Nikiisoma orodha ile naona wodi yangu.

Kinachonitia moyo ni wodi ya watoto. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5, anapata maziwa ya tiba ya F-75 kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Mililita ziko kwenye chati, sahihi ya muuguzi iko pembeni, akitapika inaandikwa. Wauguzi ni walewale, uhaba ni uleule. Tofauti ni kwamba maziwa yale yanahesabiwa kuwa dawa. Vuka korido uingie kwa wazazi wao, mtu aliyepungua kilo 12 kwa kifua kikuu hajapimwa uzito tangu alazwe, maana mzani uko kliniki ya wajawazito.

Kwa hiyo nilianza na vitu vidogo. Safu moja kwenye chati: sahani nzima, nusu, robo, hakuna. Muuguzi anaweka alama tu. Wodi mbili zimeikubali, na katika moja inajazwa kweli. Kwenye upasuaji tumekubaliana kwamba mgonjwa akiahirishwa thieta wapige simu wodini papo hapo, na kuna siku wanapiga.

Geti ndilo lililonishinda. Metroni aliniruhusu nitoe kadi za njano kwa ndugu wa wasioweza kujilisha, waingie muda wowote wa chakula na wakae mpaka mgonjwa amalize. Ilifanya kazi vizuri hadi kampuni ya ulinzi ilipobadilishwa. Walinzi wapya hawazitambui kadi zangu, wanasema hawajapewa maelekezo. Nimeandika barua ili utaratibu huo ubandikwe getini kwa sahihi ya mganga mfawidhi. Bado iko mezani kwake. Kila siku mchana nashuka mwenyewe getini kuwaita kwa majina wenye kadi.