Viraka vya Lamu



Kabla ya kufunga safari ya Lamu niliacha amri nyumbani: lile gunia la leso kuukuu za marehemu mama litolewe stoo. Leso zenyewe zilikuwa zimechakaa na mvua ilikuwa imeziingia. Binti yangu aliniomba nimwachie. Yeye hukata vitambaa vilivyokwisha, vifungo na vipande vya barua za zamani, akavibandika juu ya ubao hadi vikawa picha. Nilimjibu kwamba hizo ni takataka, nikapanda basi.

Ng'ambo ya Malindi nilishuka Mambrui kumjulia hali rafiki tuliyesoma naye madrasa. Baada ya Adhuhuri alinipeleka kwenye lile kaburi la nguzo. Wazee wetu walichukua mabakuli ya kaure kutoka Uchina, ya zama za Ming, wakayapachika ndani ya chokaa ya nguzo yawe pambo. Vyombo vya kulia, juu ya kaburi! Nilitazama, nikanyamaza, nikaendelea na safari hadi Mokowe, na kutoka pale kwa mashua hadi Lamu.

Wengi wenu mmeiona kwenye picha ile dau ya rangi rangi iitwayo Flipflopi. Iliundwa huku Lamu na mafundi wa huku, ikashushwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 ikasafiri kwa tanga hadi Unguja. Plastiki iliyookotwa ufuoni na mitaani iliyeyushwa ikawa mkuku, mataruma na mbao, na maseremala wakaichonga kwa zana zile zile wanazochongea mti. Kisha ubavu wote ukavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, zilizokatwa na kuunganishwa mithili ya shuka la viraka. Kila ndara ilikuwa na mguu wake: wa mvuvi, wa mtoto wa chuoni, au wa mtu wa nchi ya mbali asiyejua kwamba kiatu chake kimefika kwetu. Nilikumbuka alivyosimulia Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Sisi ndara ikikatika kigwe tunairusha, na bahari inaturudishia.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa ndani ya karakana ndogo, katika kichochoro kisichopitisha punda wawili. Fundi alikuwa ametandika kipande cha tanga kuukuu lililonunuliwa kwa mwenye jahazi. Jua na chumvi vimelifanya rangi ya chai ya maziwa. Juu yake alishonea kipande cha mkeka, ukanda wa leso na simbi mbili, kisha akaandika maneno kwa brashi kando ya mshono. Tanga lilikuwa na kiraka juu ya kiraka, kila kimoja kwa uzi wake. Nilimuuliza kwa nini asivifumue ili kazi ipendeze. Akasema, "Maalim, nikivifumua, hata mimi sitajua lilipasukia wapi."

Nilinunua kipande, nikatoka nje, nikapiga simu nyumbani.

Mke wangu aliniambia amri yangu imetekelezwa. Gunia limechukuliwa na kijana wa gereji, leso zimekuwa matambara ya kufutia grisi. Zile ndizo zilizotubeba mgongoni, sote sita. Moja ilikuwa na tundu la kaa la jiko, na nalijua tundu hilo kwa sababu mimi ndiye niliyelimwaga. Sikuwa na wa kumlaumu.

Binti alikuwa amechomoa moja usiku, bila idhini. Nilitaraji kumkemea, nikashindwa.

Mama zetu, mkitaka kufanya kazi hii na mabinti zenu, nawausia jambo moja tu. Ukurasa wenye aya, au leso ambayo jina lake lina jina la Mola, usiutie katika kitu kitakachokaliwa au kukanyagwa. Kurasa za msahafu uliochakaa zina utaratibu wake, muulizeni maalim wa mtaa wenu. Vilivyobaki ni halali yenu.

Sasa tanga limetandikwa sebuleni, na leso imewekwa juu yake kwa pini. Pindo lipo, mji umepauka, na katika jina limesalia neno moja, "jirani". Mimi nasema jina lilihusu jirani mwema. Dada yangu mkubwa anaapa kwamba mama aliinunua leso ile alipokosana na mtu wa nyumba ya pili, na kwamba maneno yake yalikuwa makali. Binti amekataa kushona mpaka tukubaliane.