Bustani ya Bibi wa Woodland

Msafiri atokaye Portland kwa motokaa kwenda kaskazini, akiisha kuvuka mto Columbia, hufika Woodland, mji mdogo wa jimbo la Washington katika Marekani. Mwishoni mwa Aprili hupokewa na harufu ya lilaki, maua madogo yenye kushikamana vichala, mengine ya zambarau, mengine meupe.

Hapo ndipo alipokaa Bibi Hulda Klager. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1863, akaletwa Marekani angali mtoto mdogo, na mwaka 1877 jamaa yake wakahamia Woodland kulima. Yasemekana alichoka kumenya matofaa madogo. Basi alipokwisha kusoma habari za Luther Burbank, akajaribu kuzalisha matofaa makubwa. Mwaka 1905 akaigeukia lilaki. Kutia chavua ya ua hili katika lile, kisha kungoja miaka mpaka mche uchanue, si kazi ya mtu mwenye pupa.

Mwaka 1948 mto Columbia ulifurika ukaangamiza lilaki zake. Bibi alikuwa na miaka 85. Mimi, nakiri, ningaliketi karibu na moto nikanyamaza. Yeye alishika jembe. Nao watu walionunua miche kwake zamani wakamletea vipandikizi vya aina zile zile alizozizalisha mwenyewe, hata mwaka 1950 akawafungulia wageni lango tena.

Alifariki mwaka 1960, mwenye miaka 96. Nyumba yake ingalipo, na kila majira ya maua wageni huingia bustanini.