Makebuko hakuna simba

Juzi wanafunzi waliniuliza: mwalimu, kwenu Makebuko kuna simba? Nilicheka. Kwetu Gitega ni vilima, migomba na maharage. Simba tunaye kwenye jina tu, intare, ndiyo maana baadhi ya wafalme wetu waliitwa Ntare. Hata Ruvubu, ile hifadhi inayofika Muyinga, hawapo tena.

Ila huku Tanzania wapo wengi, na kule Serengeti watafiti wanawafuata tangu 1966. Dume akifika miaka 2 au 3 anafukuzwa alikozaliwa. Akiwa peke yake hafiki mbali, kwa hiyo ndugu hutoka pamoja, na asiye na ndugu anaungana na mgeni mwenzake.

Mpaka wao hauna jiwe wala miti kama mashamba yetu. Wanaweka mkojo vichakani, na usiku wananguruma, sauti inaweza kufika kilomita 8. Lakini huyu asiye na eneo, jamani, huwa hangurumi! Anapita kimya, maana wenye eneo wakimsikia watamfuata, na wanaweza kumwua. Siku wageni wakishinda, wanaua watoto wachanga wa waliotangulia ili majike washike mimba upesi. Hapo darasa lilinyamaza.

Mtoto mmoja akauliza: aliyefukuzwa anarudi kwao? Nikamjibu mara nyingi harudi, anatafuta kwingine. Sikuongeza neno. Shamba la mzee wangu kule Makebuko sasa wanalima watu wengine.