Intaneti ya chumba cha nyuma

Najua nimekuwa kimya, kazi za wateja zimenibana kweli kweli. Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nijibu swali ambalo nimeulizwa na watu kadhaa: mbona intaneti inakimbia sebuleni halafu ikifika chumba cha mbali inatambaa?

Kwetu chumba chenyewe ni cha Baba. Alipatwa na kiharusi na ngazi zikamshinda, tukamhamishia chumba cha nyuma, kile kilichojengwa peke yake uani. Akili yake iko timamu, ila maneno yanamtoka polepole, moja moja. Dada yangu ni muuguzi huko Kuwait na humpigia simu ya video kila Ijumaa. Sasa mweke mzee anayetafuta neno kwenye mtandao unaokwama uone. Dada anasikia kimya, anadhani Baba amemaliza, anaanza kuongea. Kumbe neno lilikuwa njiani. Linafika, linagongana na lake, wote wananyamaza. Baada ya wiki chache Baba akaanza kutuambia tumwambie dada asipige, eti amechoka. Hakuwa amechoka.

Kampuni inayotuletea intaneti ilinishauri nipande kutoka kifurushi cha megabiti 20 hadi cha 40. Jamani! Nilikuwa nimeshapima. Kando ya ruta napata 19, na data inaenda na kurudi hadi seva ya hapa Nairobi kwa milisekunde 6. Chumbani kwa Baba napata 1.2 ya kushusha na 0.3 ya kupandisha, na zile milisekunde zinarukaruka kutoka 30 hadi 900. Kisha nikatumia programu ya bure iitwayo iperf3 kupima kati ya kipakatalishi kilichoko chumbani kwake na tarakilishi yangu iliyounganishwa na ruta kwa waya, yaani safari isiyotoka nje ya boma letu hata kidogo. Matokeo yakawa mabovu vilevile. Hapo hata ulipie megabiti 400, zitaishia mlangoni.

Inachekesha ukifikiria. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu nyingi ilipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na kwenda na kurudi kulikula zaidi ya nusu sekunde. Wimbo huo ulikwisha. Waya wa TEAMS peke yake unatoka Mombasa hadi Fujairah kule Falme za Kiarabu, takriban kilomita 5,000 chini ya bahari. Sauti ya dada inavuka yote hayo bila shida, halafu inakuja kufia jikoni kwetu.

Na jikoni ndiko hasa. Kati ya ruta na kitanda cha Baba ni hatua 24 tu, lakini njiani kuna kuta tatu za mawe ya Ndarugo, friji, mlango wa chuma na tangi la maji la lita 2,000. Chuma hurudisha mawimbi, maji huyanywa, na mawe manene huyapunguza kila yanapopita. Simu ya Baba ilikuwa ikionyesha -84 dBm. Kwa simu ya sauti au video unataka kama -67 au zaidi (kadiri namba inavyokaribia sufuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu). Wengine watakwambia uhamie gigahezi 5 kwa sababu ina kasi kuliko 2.4. Ni kweli, ukiwa chumba kimoja na ruta. Kwenye kuta, 5 ndiyo inayochoka mapema.

Nilianza na vya bure. Ruta ikatoka nyuma ya televisheni ikapanda juu ya kabati, na nikaihamisha kwenye chaneli 1, maana majirani wote walikuwa wamejazana kwenye 6. Katika gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizokanyagana, kwa hiyo chagua mojawapo ya hizo. Baba akapata megabiti 3. Si haba, lakini simu bado ilikwama.

Nikaazima kirudishi mawimbi kwa jirani. Kile cha bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio ileile moja, kwa hiyo kila kitu husafiri hewani mara mbili na kasi hukatika nusu au zaidi. Nikakiweka katikati, dirishani jikoni, si chumbani kwa Baba (huko kingerudia tu mawimbi yaliyokwisha kufa). Tukafika megabiti 5, ila milisekunde ziliendelea kuruka. Kwa kutazama filamu kingetosha kabisa, kwa sababu filamu hujiwekea akiba. Mazungumzo hayana akiba.

Basi nikaamua waya. Mita 30 za Cat 6 ya kuwekwa nje, niliinunua Luthuli Avenue kwa mita. Mkiwa pale dukani ombeni kukwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba, ukiwa mweupe ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishieni mwenyewe. Nimeupitisha kwenye bomba la plastiki la mafundi wa stima, futi moja chini ya udongo, mbali na waya wa umeme. Waya wa aina hii unakubalika hadi mita 100, hivyo 30 ni mchezo. Chumba cha nyuma kinatumia mita ileile ya stima na nyumba kubwa. Kama jengo lako la pili lina mita yake, au mko mahali pa radi nyingi, tafuta waya wa fibre badala ya shaba, kwa sababu hiyo haipitishi umeme.

Upande wa Baba niliweka ruta kuukuu iliyokuwa imelala kabatini. Niliipa anwani 192.168.1.2, nikazima kazi yake ya kugawa anwani (DHCP) ili zisipigane na ruta kubwa, na waya nikauchomeka kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Jina na nywila ya waifai ni zilezile za nyumba kubwa, chaneli ikawa 11.

Sasa Baba anapata 19, milisekunde 8, na hazitikisiki. Ijumaa ya kwanza alimweleza dada habari ya ng'ombe wa jirani aliyekula mahindi yetu, hadithi ya dakika kumi ambayo wewe ungeimaliza kwa mbili. Dada alisubiri kila neno. Nilikuwa nje nikifukia mtaro, nikasikia wakicheka.

Kilichobaki ni stima. Ikipotea, ruta zote mbili zinazima, na huku kwetu hupotea jioni, saa ileile dada anapotoka kazini. Nimenunua betri ndogo mbili za volti 12. Nikishapima zinakaa saa ngapi nitawaandikia.